Sili Aliyefumba Jicho Moja

Mama yangu ni mdogo kwangu kwa miaka kumi na saba, na mpaka Mei ya mwaka 1994 jambo hilo halikuwahi kuninyima usingizi.

Alizaliwa na mke wangu, Siasi, Aprili ya mwaka 1959, wiki tatu baada ya polisi kuja kambini kwetu, huku kaskazini kwenye barafu, na mbwa wake wa kuvuta sleji, kutuambia kwamba mama aliyenizaa amefia hospitalini huko kusini. Mtoto alilia siku mbili bila kupumzika. Wanawake wakamtajia majina ya marehemu wetu, moja baada ya jingine, naye akazidi kupasua masikio ya watu. Mwishowe shangazi yangu akamwinamia, akamwuliza kwa jina la mama yangu, "Natsivaaq, ni wewe?" Mtoto akanyamaza. Akapiga chafya. Kwetu mtoto akilikubali jina la marehemu, marehemu mwenyewe amerudi. Basi, mama alikuwa amerudi nyumbani, tena na njaa.

Tangu siku hiyo binti yangu namwita Mama, naye ananiita mwanangu. Baba yangu, Kuppaq, alimwita "mke wangu". Alikuwa akimletea ini la sili, yule mnyama wa baharini tunayemla, likiwa bado na joto, anamtafunia, huku akimtaka radhi kwa makosa ya miaka ishirini nyuma, naye mtoto anamvuta pua. Mimi sikuwahi kumkaripia, hata siku aliyomwaga mafuta ya taa kwenye gunia la unga. Nani anamkaripia mama yake? Yeye ndiye aliyenikaripia mimi. Akiwa na miaka mitano alinituma nikalale mapema kwa sababu nimerudi kuwinda mikono mitupu, nami nikaenda kulala. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

Kusema kweli nilimhitaji. Nilikuwa na miaka kumi na tano meli ya hospitali ilipomchukua yule mama wa kwanza. Alipanda kupigwa picha ya kifua kama watu wote, wakaona kifua kikuu, wakamwandika alama mkononi kwa wino, wakamzuia kushuka. Mimi nilikuwa ufukweni nimeshika kisu chake cha duara, kile cha kukatia ngozi, nikijua lazima atakirudia. Meli ikapiga honi, ikaondoka. Kisu kile ninacho mpaka leo.

Sasa, ile Mei.

Nilikuwa nyuma ya nyumba yangu, nimekaa juu ya ndoo, nimejaa vumbi la jiwe la kijani mpaka kwenye kope, nachonga dubu anayecheza ngoma. Wanunuzi wa kusini wanampenda sana dubu anayecheza ngoma. Mimi sijawahi kumwona dubu akicheza ngoma, na nimeshawaona dubu wengi kuliko nilivyotaka. Lakini mteja akisema dubu anacheza, dubu anacheza. Jua lilikuwa kali juu ya barafu ya ghuba. Grainda yangu ya kukatia jiwe ilikuwa inalia, nami nilikuwa nimefika kwenye mguu wa kushoto, ule ulionyanyuka, ambao ndio kazi yote ya kinyago cha namna hiyo. Ukikosea hapo umebaki na kokoto.

Mama akaja na boksi kwapani. Wakati huo alikuwa na miaka thelathini na mitano, na kazi yake ilikuwa kupokea vinyago kwenye duka la ushirika. Wachongaji wote wa kijiji walimwogopa, na mimi wa kwanza.

"Mwanangu, zima hilo dude lako."

"Kidogo tu, Mama. Namalizia mguu."

"Huo ni mguu? Nilidhani amevaa buti."

"Umeniletea chai au umeniletea matusi?"

"Chai iko kwenye chupa. Matusi ni nyongeza." Akakaa kwenye ngazi, akaanza kufungua kamba za boksi. "Ndege ya jana imeleta kinyago kutoka kusini. Hakina jina, kina namba tu. Wanamtafuta aliyechonga. Nimewauliza wazee wawili, kila mmoja ananitajia namba yake mwenyewe."

"Ulitaka wakutajie za nani? Nyingine wamezisahau."

Zamani serikali ilishindwa kutamka majina yetu, ikatugawia vibao vidogo vya kuvaa shingoni, kila kimoja na namba yake. Baba alikuwa 1166, mama 1167, mimi 1168. Tulipangwa kama makopo ya maziwa kwenye rafu. Waliochonga siku zile walikwaruza namba zao chini ya kazi zao, na ndiyo maana mpaka leo vinyago vya zamani vinarudi vikiuliza wenyewe.

Nikawasha tena grainda. Ubishi tu, nilitaka aone kwamba ule ni mguu. Yeye akawa anachambua karatasi ndani ya boksi, karatasi nyingi, kama mtu anayemvua mtoto nguo za baridi. Nikainua macho nione kilichotoka.

Alikuwa sili. Mdogo, wa kutosha kiganja, wa jiwe la kijivu lisilo la kwetu, jiwe laini la kuchongwa hata kwa kisu cha mezani. Kichwa kimegeuka nyuma kidogo, kama mtu aliyeitwa njiani. Jicho la kulia liko wazi. La kushoto limefumbwa.

Grainda ikanitoka. Sikusikia ilipouma jiwe. Niliona tu mguu wa dubu umeruka, ukapita juu ya kichwa cha Mama, ukagonga ukuta.

"Wewe!" Mama akapiga kelele. "Unataka kuniua?"

Nikazima. Masikio yakabaki yanavuma.

"Usinitajie namba," nikasema. "Ni elfu moja mia moja sitini na saba."

Akaangalia karatasi iliyokuja na boksi. Akaniangalia mimi. Akairudia karatasi.

"Umejuaje?"

"Huyo ni sili wa mama yangu."

"Mama yako ni mimi."

"Yule mwingine."

Lazima nieleze habari ya jicho, kwa sababu wauzaji wa kusini wakimwona sili wa namna ile wanasema mchongaji amekosea. Baba yangu alikuwa mwindaji hodari, lakini siku moja aliinama juu ya tundu la barafu kumsubiri sili aje kuvuta pumzi, akasubiri tangu asubuhi, chusa mkononi, mpaka usingizi ukampitia amesimama vilevile. Mama alikuwa amemfuata na chakula. Akamwona sili ametoa kichwa, anamtazama baba, ametulia kabisa. Mama aliapa kwamba yule sili alimkonyeza, kana kwamba anamwambia: mwache alale, usituharibie. Kuanzia hapo kila sili aliyemchonga alifumba jicho moja, na kila alipommaliza alimweka karibu na mto wa baba. Ulikuwa utani wa nyumba yetu. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa na sababu ya kumfumba sili jicho.

Nikamchukua. Nilitafuta kwa kidole gumba njia ya kisu chake, nikaipata: mikato mifupi, mmoja juu ya mwingine, ya mtu anayechonga amelala kitandani, hawezi kuweka uzito wa bega.

"Kwa hiyo alichonga huko hospitalini," nikasema. "Kabla hajafa. Soma barua, Mama. Wanasemaje?"

Akasoma polepole, akitafsiri. Barua ilitoka kwa mwanamke ambaye baba yake alikuwa daktari. Daktari mwenyewe amefariki majuzi, na binti anafungasha vitu vya nyumba. Sili huyu alikaa miaka yote sebuleni juu ya meko, pembeni ya saa. "Anasema, 'Baba alipenda kutusimulia habari zake. Mgonjwa mmoja alimshika daktari mkono, akampa sili huyu kwa mikono miwili, akazungumza kwa muda mrefu sana kwa lugha yake, huku machozi yanamtoka. Baba hakuelewa hata neno moja, lakini aliguswa sana, akamshukuru sana. Yule mgonjwa aliendelea kuzungumza, na baba aliendelea kumshukuru.'"

"Mtu mwema," nikasema.

"'Sasa tungependa kujua kama ana ndugu. Kama hana, tutampa makumbusho ya hapa mjini. Kwenye daftari la baba imeandikwa: sili, kutoka kwa 1167, Novemba 1961.'"

Aliyasoma hayo kwa sauti ileile. Kisha akarudisha kidole kwenye mstari.

Mimi bado nilikuwa natabasamu. Najua, kwa sababu nakumbuka kuutoa uso kwenye tabasamu kama mtu anayetoa mkono kwenye glavu iliyoganda.

"Rudia mwaka," nikasema.

"Sitini na moja."

"Wamekosea. Ni hamsini na nane."

"Imeandikwa kwa maneno, siyo tarakimu." Alinionyesha karatasi, mimi nisiyejua kusoma lugha ile, naye anajua kwamba sijui. "Mwaka sitini na moja nilikuwa na miaka miwili. Nilikuwa natembea."

Maji ya theluji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye paa. Nilisikiliza tone moja, jingine, jingine. Kichwani nilikuwa namwona yule polisi wa mwaka 1959 anasoma kikaratasi chake, anasoma namba, siyo jina. Jina hata asingeliweza. Karani fulani, mahali fulani, aligeuza tarakimu au aliruka mstari. Mtu alikuwa amekufa, hilo halikuwa uongo. Tulimlilia sana. Tulimlilia mama wa mtu mwingine. Na mama yetu alikuwa amelala kwenye shuka nyeupe, yuko hai, anachonga, anakohoa, anatungoja tumwandikie, nasi kimya. Nani anamwandikia maiti? Baba hakutaka kuona meli tena. Baada ya kiangazi cha mwaka 1960 alituhamishia ng'ambo ya pili ya kisiwa, miaka minne. Kama mama alituandikia, barua zilizungushwa na upepo.

"Baba," Mama akasema.

Niligeuka nyuma nione ni nani anaitwa.

Hakukuwa na mtu. Alikuwa ananiita mimi. Kwa miaka thelathini na mitano neno hilo halikuwahi kutoka kinywani mwake kuja kwangu, na sasa lilitua kifuani kama kipande cha barafu kilichoteleza ndani ya shati.

"Unaniitaje?"

"Alikuwa hai," akasema. Uso wake ulikuwa mweupe. "Jina lilikuwa bado limo ndani ya mwenyewe. Sikuwa yeye. Nilikuwa mtoto tu aliyechoka kulia."

"Acha maneno hayo, Mama."

"Babu alinitafunia ini. Alikuwa anamwomba radhi nani? Mimi nimekutuma ukalale, nimekufundisha kushona buti, nimekulilia ulipopotea kwenye dhoruba, nikasema nimezaa mtoto mpumbavu. Kwa idhini ya nani?" Akasimama, akakung'uta vumbi kwenye sketi yake, vumbi langu. "Samahani, baba."

Akaondoka. Alimwacha sili kwenye magoti yangu na chupa ya chai kwenye ngazi.

Nimepigwa na mambo mengi. Pikipiki ya theluji iliwahi kuzama chini yangu nikiwa juu yake. Vumbi la mawe limekula nusu ya mapafu yangu. Nimemzika mke. Kote huko nilipata cha kuchekea, hata kama ni baada ya mwezi. Siku ile nilikaa juu ya ndoo mpaka chai ikapoa kwenye chupa, sikupata hata kimoja. Nilikuwa nimefiwa na mama wawili kati ya chai kumiminwa na chai kunywewa, na mmoja wao anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Siku ya pili nilimpelekea dubu dukani. Dubu wa miguu mitatu. Ile nafasi ya mguu sikuisugua hata kwa msasa. Nilimweka juu ya meza yake makusudi, mbele ya watu, nikangoja anirarue. Siku zote alikuwa akinirudishia kinyago kwa sababu ya kucha moja.

Alimgeuza dubu huku na huku.

"Kazi nzuri, baba," akasema. "Asante."

Hapo ndipo nilipoogopa.

Pitsiulaaq, mwanamke wa kwenye mashine ya kulipia, binamu yangu mwenye mdomo, alituangalia sote wawili. "Nzuri?" akasema. "Huyo dubu alikutana na nini, treni?" Watu wakacheka. Natsivaaq hakucheka. Aliandika risiti kwa mwandiko wa shule, akanisukumia.

"Barua ya kusini naijibu kesho," akaniambia kwa adabu, kama anavyomwambia mgeni. "Ndege inaondoka saa nane. Nitawaambia mchongaji amefariki, na kwamba ni vizuri akae makumbusho. Naomba umrudishe asubuhi nimfungashe."

"Yule ni wa nyumbani."

"Wa nyumbani kwa nani, baba? Mimi siwezi kumwangalia. Akinikonyeza naona ananicheka."

Nilitembea kurudi nyumbani kwenye theluji inayoyeyuka, na njiani mbwa wa jirani, ambaye hunibwekea kila siku, alinitazama tu.

Asubuhi ya kesho yake nilimkalisha sili mezani, mimi na yeye, nikamuaga. Nilimwosha kwa kitambaa cha maji, maana jiwe likilowa linaonyesha kila kitu, kama uso wa mtu aliyeamka sasa hivi. Nikampindua nione amemaliziaje kitako. Mama alikuwa mkali sana kwa vitako. Alisema mtu anayesugua mahali pasipoonekana ndiye asiyeiba.

Kitako hakikuonekana. Kilikuwa kimebandikwa kitambaa cha sufu cha kijani. Watu wa kusini wanafanya hivyo, ili jiwe lisikwaruze mbao za watu. Kwenye kona wamekata tundu dogo la mraba ili namba ionekane, 1167, wameridhika. Sijui kwa nini nilikasirika. Nilikasirika kwa kitambaa, baada ya kushindwa kukasirika kwa yote mengine. Hakuna mtu wa kwetu anayemvalisha sili suruali, nikasema kwa sauti, peke yangu jikoni. Nikaenda kuchukua kisu chake cha duara ukutani, nikaingiza ncha chini ya gundi, nikaanza kubandua taratibu kama ninavyotenga ngozi na mafuta.

Kulikuwa na maandishi.

Herufi zetu, zile pembetatu na ndoano, ndogo kama nyayo za ndege, zimekwaruzwa kwa kitu kama sindano, zimejaza kitako chote mpaka chini ya pezi la nyuma. Mstari wa mwisho ulikuwa umekwenda na gundi. Mingine yote ilisomeka. Niliisoma mara moja. Halafu nilijikuta niko nje.

Nyumba yangu na duka ni mbali kiasi cha kumaliza sigara moja. Sikumbuki hata hatua. Niliingia dukani nimeshika sili kwa mkono huu na kisu kwa mkono huu, na akina mama waliokuwa wanachagua kuku wa barafu wakajikusanya ukutani.

"Tikivik!" Pitsiulaaq akaita. "Weka kisu chini, kaka yangu, kama ni bei tutazungumza!"

Natsivaaq alikuwa nyuma ya meza yake. Mbele yake boksi liko wazi, karatasi zimeandaliwa, na barua iko kwenye bahasha, haijafungwa. Nilimgeuza sili, nikamwekea kitako chini ya macho.

"Soma."

"Baba, nina kazi."

"Soma!"

Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kumpandishia sauti. Sote wawili tulishtuka. Akachukua sili. Akasogeza taa. Friji zilikuwa zinanguruma. Alianza kusoma midomo ikicheza bila sauti, na mahali fulani midomo ikasimama.

"Kwa sauti, jamani," Pitsiulaaq akasema, amekuja mpaka na ufunguo wa mashine mkononi. "Tunakufa huku."

Natsivaaq akasoma.

"'Aningmiuq ameletwa leo. Ananiambia nimekufa na nimeshazaliwa. Nimecheka mpaka damu imetoka. Mpeni huyu Natsivaaq, mfupa wangu. Mwambieni jina ni lake, nampa mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Amwangalie Tikivik, hajui kukausha miguu. Mwambieni Kuppaq...'" Akapitisha kidole juu ya jiwe. "Imeishia hapo. Imefutika."

Mfupa wangu ndivyo tunavyoitana sisi tulio na jina moja. Mtu hamwiti hivyo mtu baki.

Aningmiuq alikuwa jirani yetu. Meli ya mwaka 1960 ilimchukua, mwaka wenyewe ambao Natsivaaq alikuwa anajifunza kusimama kwa kushika manyoya ya mbwa. Hakurudi; lazima walimzungusha hospitali nyingine kwa mwaka mzima kabla ya kumfikisha kwa mama. Tulimsikitikia kwa kuwa alikwenda peke yake, bila habari yoyote ya kufurahisha mgonjwa. Kumbe alikwenda na habari ile.

"Subiri," Pitsiulaaq akasema. Alikuwa ameshasikia barua ya binti wa daktari. Kijiji kizima kilikuwa kimeisikia. "Subiri kwanza. Huyo daktari. Alipewa kwa mikono miwili, sivyo? Na mama analia, anazungumza, anazungumza..."

"Hakumpa," Natsivaaq akasema.

"Ndiyo hivyo! Hakumpa!"

"Alimtuma."

Mtu mmoja karibu na friji alivuta pumzi kwa nguvu. Mimi nilishika ukingo wa meza. Niliona chumba cha hospitali ambacho sijawahi kukiona. Niliona mwanamke amekaa kitandani, anaeleza, anarudia, anataja jina la ghuba yetu, anataja majina yetu, anaonyesha kaskazini kwa kidevu, na mtu mrefu aliyevaa koti jeupe amemshika sili wetu, anatikisa kichwa, macho yamemlowa, anasema asante, asante sana. Kisha anakwenda naye nyumbani kwake. Miaka thelathini na mitatu pembeni ya saa. Wamempangusa vumbi kila Jumamosi. Wamemfunga mdomo kwa kitambaa.

Hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo linalonitesa mpaka leo. Angekuwa mwizi ningejua la kufanya.

Natsivaaq alikuwa hajamwachia sili. Alikuwa anamtazama machoni, lile lililo wazi na lile lililofumbwa. Nilitamani kusema neno, lakini niliogopa litoke kama mwana au litoke kama baba, na sikujua ni lipi ninaloruhusiwa. Nikakaa kimya. Mimi! Pitsiulaaq baadaye alisema hiyo ndiyo iliyomtisha kuliko kisu.

Kisha Natsivaaq akasogea pembeni ya meza, akainama, akaangalia chini. Aliangalia kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema.

Nikainua uso.

"Mwanangu, umetoka nyumbani na soksi tupu?"

Nikaangalia. Kweli. Soksi zilikuwa nyeusi kwa maji ya theluji, na ya kushoto ilikuwa imeanza kutoka, imelala mbele ya kidole kama ulimi wa mbwa.

"Nilikuwa na haraka, Mama."

"Una miaka hamsini na miwili. Nimekuambia mara ngapi?" Sauti yake ilikuwa inakatika, lakini aliisukuma mbele kwa nguvu. "Watu wawili tumekuambia. Mmoja mpaka ameandika kwenye jiwe!"

Dukani watu walipasuka kwa kicheko, na wengine waliokuwa wanacheka walikuwa wanalia, na Pitsiulaaq alikuwa anafanya vyote viwili huku anapangusa pua kwa mkanda wa risiti. Mama alinikalisha kwenye kreti la soda, akazivua soksi, akazikamua palepale sakafuni. Kisha akaitoa barua kwenye bahasha, akaichana, akachukua karatasi mpya.

"Unamwandikia nini?" nikauliza.

"Namwambia baba yake alikuwa posta mbovu kuliko zote duniani."

"Mama!"

"Nimeshafuta." Akaandika, akafikiri, akaandika tena mstari mmoja, akanisomea. "'Mzigo umefika kwa mwenyewe.' Inatosha?"

"Inatosha."

Akafunga bahasha. Sili alimweka kwenye rafu nyuma yake, bila kitambaa, jiwe juu ya mbao, likwaruze likitaka. Kisha macho yake yakatua kwenye dubu wangu, aliyekuwa bado pale tangu jana na lebo yake shingoni. Akamnyanyua kwa vidole viwili, kama mtu anayenyanyua panya.

"Na hii takataka," akasema, "nani aliipokea?"

"Wewe, Mama. Ulisema kazi nzuri."

"Nilikuwa mgonjwa." Akanitupia dubu magotini. "Ana miguu mitatu. Mrudishe nyumbani ukamtengeneze, na usirudi hapa bila viatu."

Nikamshika dubu kwa mikono miwili, nikamshukuru Mama sana.